Aliyeitika Gitaa la Hoza

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani ya fisi kuposa binadamu. Nasema zamani ya juzijuzi tu, ya suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, ya vijana kufuga nywele mpaka kofia zinakataa kukaa kichwani. Hapo zamani palikuwa na mpiga gitaa mmoja ambaye nchi nzima ilimsikia na hakuna aliyemjua.

Jina lake Hoza. Mnaona? Hamlijui. Hata nyie wazee mliokaa mbele hapo, mliocheza mpaka soli za viatu zikaisha, hamlijui. Basi tulieni niwaambie.

Hoza alizaliwa milimani Usambara, kijiji cha Kwemviko, kule ambako ukungu unaingia nyumbani bila kupiga hodi. Mtu wa ng'ambo ya bonde unamwona anafagia uwanja wake asubuhi, lakini ukitaka kumfikia utatembea mpaka jua liwe utosini. Gitaa alifundishwa na mwalimu wa kwaya ya misheni, akalijua kumshinda mwalimu. Akaoa. Mkewe aliitwa Sikudhani, binti wa kijiji hichohicho, mwenye maneno yake, asiyependa upuuzi. Walikaa pamoja msimu mmoja wa mahindi. Kisha Hoza akapata habari kwamba Nairobi kuna studio inatafuta mpiga gitaa la solo, kwa ajili ya muziki mpya uliokuwa umewashika vijana. Muziki wa soul, ule ambao mwimbaji anasimama mbele za watu analia kama aliyefiwa, na watu wanampigia makofi.

Siku ya kuondoka kijiji kizima kilimsindikiza mpaka njia panda. Na hapo, jamani, ndipo alipoharibu. Mtu akisindikizwa aseme asanteni, kwaherini, apande gari. Yeye akasimama na gitaa mgongoni, akasema mbele ya wakwe na majirani, "Nitarudi na santuri yenye jina langu. Isipokuwa na jina langu, sirudi."

Watu wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele. Sikudhani hakupiga. Alisema, "Wewe rudi tu, mume wangu. Jina lako sisi tunalijua."

Lakini mwanamume akishasema kitu mbele ya watu, basi, kimemnasa. Hoza akaondoka.

Studio yenyewe ilikuwa ghorofani, katika mtaa wa maduka ya vitambaa, chumba kilichobandikwa makatoni ya mayai ukutani ili sauti isitoke nje. Mwenye studio alikuwa mjanja, na kama wajanja wote alikuwa na hofu yake. Aliogopa kwamba wapiga vyombo na waimbaji wakijuana watakula njama, wataondoka waanzishe bendi yao, na yeye abaki anatazamana na makatoni ya mayai. Kwa hiyo akaweka utaratibu. Wapiga vyombo asubuhi, waimbaji alasiri. Wapiga vyombo wanarekodi muziki mtupu usio na sauti ya mwimbaji, wanatolewa kwa ngazi ya nyuma. Mwimbaji anaingia kwa mlango wa mbele, anavaa vidude masikioni, anaimba juu ya kile kilichokwisha kupigwa. Watu wa asubuhi hawaonani na watu wa alasiri hata kwa bahati mbaya.

Baadaye akaona hata hao wa asubuhi wanapiga soga mno. Nao akawatenganisha. Ngoma na besi siku yao, Hoza siku yake. Kwa hiyo Hoza akawa anaingia peke yake, anakaa kwenye kiti cha mbao, anasikilizishwa ngoma za watu ambao wameshaondoka, anapiga gitaa kwa ajili ya mwimbaji ambaye hajafika. Fundi mitambo alikuwa nyuma ya kioo, mtu wa kuonyesha kidole tu: anza, acha, rudia.

Na wimbo wenyewe unahusu nini? Hakuambiwa. Aliwahi kupiga gitaa la majonzi mazito, akijua kabisa huu ni wimbo wa msiba, kumbe ni wa harusi. Watu wakaupenda kuliko nyimbo zote za mwaka ule. Mabibi harusi wakawa wanaingia ukumbini wanalia, na hakuna aliyejua wanalilia nini.

Santuri ya kwanza ilipotoka, Hoza alikwenda kuitazama. Katikati, kwenye karatasi ile ya duara, paliandikwa jina la wimbo, na chini yake: Nabwera. Basi.

Akamwendea mwenye studio. "Mzee, na jina langu?"

"Inayofuata, Hoza."

Ikaja ya pili. Nabwera. "Mzee, na jina langu?"

"Inayofuata, Hoza."

Ikaja ya kumi, ikaja ya ishirini. Huyo Nabwera alikuwa kijana wa magharibi, kutoka upande wa Bungoma, na sauti yake ilikuwa balaa. Hoza hakuwahi kumwona isipokuwa kwenye picha za magazetini, kavaa miwani myeusi. Nyimbo zote zilizompandisha chati Nabwera, gitaa lilikuwa la Hoza. Na kila santuri ilipotoka, Hoza aliuliza swali lilelile, akapewa jibu lilelile, kwa upole uleule. Kama angekuwa anafukuzwa, pengine angeondoka. Lakini mtu akikwambia inayofuata, unangoja inayofuata.

Alipanga chumba mtaa wa Ziwani. Jumapili alikuwa anakwenda hotelini kunywa chai, hoteli yenye redio kubwa juu ya kabati la maandazi. Nyimbo zake zikipigwa, watu walitikisa mabega wakiwa wamekaa, na wengine waliinuka. Siku moja, kwa upweke, akamwambia mtu wa meza ya pili, "Gitaa hilo unalolisikia ni mimi."

Yule bwana akamtazama viatu. "Na redio hiyo," akasema, "nimeitengeneza mimi."

Hoteli nzima ikacheka. Hoza akamaliza chai yake, akarudi chumbani, na tangu siku hiyo hakumwambia mtu tena.

Kwao hakuandika. Utauliza kwa nini, na mimi nitakujibu: aibu. Angeandika nini? Kwamba anasikika kila mahali na hajulikani popote? Alijisemea moyoni kwamba jina likitoka atarudi kwa kishindo, amwekee Sikudhani santuri mapajani. Ahadi ile ya njia panda ilikuwa imemfungia njia.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo hadithi ilipo.

Kule Kwemviko mtu hashuki kijijini kimyakimya. Akitoka safari na mzigo wake, akifika ukingoni, pale juu ambapo paa za nyumba zinaonekana, anasimama anaita. Wito wenyewe hauna maneno. Ni sauti tatu: ya chini, ya juu, kisha ya katikati anayoivuta. Aliye bondeni akisikia anaitika kwa sauti mbili, anaacha alichokuwa akifanya, anapanda kumpokea. Na mila ni hii: aliyeitika ndiye anayepokea mzigo, na kwake ndiko msafiri anakolala. Hata ndugu wa damu wakijaa kijijini, kama hawakuitika, watamwona kesho. Si mnajua wahenga walisema, kataa neno, usikatae wito? Kule hawasemi tu. Wanafanya.

Asubuhi moja Hoza alikuwa kwenye kiti chake cha mbao, ngoma za watu wasiokuwepo zinapiga masikioni mwake, na upweke ukamzidi. Sisemi kwa kutia chumvi. Alihisi kwamba akianguka pale afe, fundi mitambo atanyoosha kidole, rudia. Basi kabla hajaingia kwenye wimbo, vidole vyake vyenyewe vikapiga sauti tatu. Ya chini, ya juu, ya katikati ikavutwa. Wito wa ukingoni.

Fundi mitambo hakuonyesha kidole cha acha. Ikabaki kwenye mkanda, ikatoka kwenye santuri, ikaingia redioni.

Tangu siku hiyo hakuacha. Wimbo wa mapenzi, anaita. Wimbo wa usaliti, anaita. Wimbo wa kusifu sabuni, maana hata hizo alipiga, anaita. Kila wimbo, kabla ya jambo lolote, Hoza alisimama ukingoni akaita. Kisha Jumapili alikwenda hotelini, akaagiza chai, akausikia wito wake mwenyewe ukitoka juu ya kabati la maandazi, akatazama nyuso za watu mmoja mmoja. Hakuna aliyeitika.

Miaka ikaenda. Nywele za vijana zikapunguzwa, suruali zikabana, zikapanuka tena. Hoza akaingiwa na mvi. Kisha vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaanza kukunjika vyenyewe kuelekea kiganjani, kidogo kidogo, na cha tatu kikafuata. Hospitali wakamwambia amechelewa kuja. Mwenye studio akamwita, akamkalisha, akamwagizia soda.

"Umefanya kazi nzuri, Hoza. Sasa pumzika."

"Na jina langu, Mzee?"

"Inayofuata," akasema yule mtu, kwa mazoea tu.

Inayofuata ipi, na mtu hana mkono? Hoza hakumgombeza. Alishuka kwa ngazi ya nyuma kama siku zote.

Akakaa Ziwani. Kufunga kifungo cha shati ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Kuwasha jiko la mafuta kulimshinda, akawa anakula mkate mkavu. Gitaa lilikuwa kitandani upande wa ukutani, na yeye alilala upande wa nje. Kidole kimoja cha kushoto kilikuwa bado kinanyooka, na hicho kilitosha sauti tatu. Wakati mwingine alizipiga. Jirani alikuwa anagonga ukuta kumnyamazisha.

Sasa, siku moja adhuhuri, mlango ukagongwa. Mlangoni palisimama mwanamke mwenye sweta ya sare, hajafika makamo, ana mkoba mkubwa na macho ya mtu aliyelala vibaya. Hakujitambulisha. Alifumba mdomo akavumisha sauti tatu: ya chini, ya juu, ya katikati, ikavutwa. Kisha akasema, "Samahani, Mzee. Ni wewe?"

Hoza alishika fremu ya mlango. Miaka yote ile alikuwa amejiandaa kwa ajili ya swali hilo, na lilipokuja alikubali kwa kichwa tu.

Mwanamke huyo aliitwa Chelagat. Alitoka Eldoret, na kazi yake ilikuwa kuunganisha simu. Enzi zile, nyie watoto hamjui, simu ya mbali haikwenda yenyewe. Ulimpigia mtu aliyekaa na waya mezani, ukamwambia nipe Kisumu, naye akakuchomekea Kisumu. Chelagat alikuwa amekaa na waya hizo tangu alipomaliza shule. Mtu akisema halo, yeye alikwisha kumjua ni nani, ana homa au hana, kagombana na mkewe au hajagombana. Na kwa sikio hilohilo alikuwa ametambua kwamba gitaa la wimbo huu, na la wimbo ule wa mwimbaji mwingine kabisa, na la tangazo la sabuni, ni mkono mmoja.

"Niliwaambia wenzangu kazini wakanicheka," alisema, amekaa kwenye kigoda cha Hoza na mkoba mapajani. "Wakasema gitaa ni gitaa. Basi kila likizo nikawa nakuja Nairobi. Naingia kwenye vilabu, naingia studio. Wananionyesha mpiga gitaa. Huyu? Namsikiliza, nasema, siye. Huyu? Siye. Mwingine akapiga nyimbo zako zote bila kukosea, akaniambia ndiye. Nikamwambia, siye. Mwishowe mzee mmoja aliyekuwa akipiga besi akanielekeza huku."

"Ulikuwa unanitafutia nini?"

"Sijui, Mzee. Nilitaka kuuona mkono." Akautazama, ule uliokunjika, na asigeuze uso. "Na nilitaka kukuuliza. Zile noti tatu unazoanzia, ni za nini? Ni mtindo tu?"

Hapo Hoza alilia. Kilio cha mtu mzima, kisicho na sauti. Alikuja huyu, kati ya watu wote amekuja huyu, na hakujua kwamba alikuwa anaitwa. Akamweleza. Ukingo, mzigo, sauti tatu, sauti mbili za kuitikia. Akamtajia Kwemviko. Akamtajia Sikudhani, jina ambalo mdomo wake ulikuwa haujalitamka tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Chelagat alimwashia jiko, akampikia uji, akaenda zake. Lakini yule ni mtu wa kuunganisha, na kilema chake ndicho hicho, hawezi kuona ncha mbili zinaning'inia akaziacha. Aliporudi kazini alimtafuta Nabwera kwa simu mpaka akampata. Kisha akaitafuta misheni ya kule milimani, akaomba mtu atumwe Kwemviko.

Jumapili ya mwezi uliofuata, mchana mweupe, wakakutana watatu katika chumba cha Hoza.

Nabwera alifika kwanza, na gari lake likajaza watoto wa mtaa uchochoroni. Alikuwa amenenepa, amevua miwani. Alisimama katikati ya chumba akamtazama Hoza muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo ni wewe," na sauti yake ikakatika. Chelagat alifika na mkate na maziwa. Wa mwisho alikuwa Sikudhani, ametoka stendi ya mabasi na kikapu cha mapeasi kichwani. Alikitua mwenyewe, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Hujambo, Hoza."

"Sijambo, mke wangu."

"Umekonda."

Hayo ndiyo waliyoambiana baada ya miaka yote ile.

Nabwera hakupenda kuzunguka. Alisema, "Kaka, huwezi kukaa hapa. Twende kwangu, nyumba ni kubwa. Nina onyesho uwanjani mwezi ujao. Nitakusimamisha mbele ya watu wote nitaje jina lako. Na santuri zile zote zinachapwa upya, safari hii na mimi nina sauti. Pataandikwa Hoza. Nakuapia."

Hoza akainua kichwa. Jina lake. Lile lile aliloliahidi njia panda.

Chelagat alisema, "Mzee, twende Eldoret. Nina chumba cha pili. Gitaa nitalishika mimi, wewe utaniambia. Kichwa chako, vidole vyangu. Halitanyamaza."

Hoza akautazama mkono wake, akautazama wa yule binti.

Sikudhani alisema, "Mimi sina maneno ya mjini. Nyumba yako ipo. Sikuolewa tena. Kitanda ni kile kile, godoro nimebadilisha."

Maziwa aliyokuja nayo Chelagat yakafurika jikoni, akainuka kuyaepua. Kisha Hoza akasema, "Mnanipa vitu vizuri, na mimi sijui kuchagua vitu vizuri, sijazoea. Lakini ninajua mila moja. Miaka yote hii nimekuwa nimesimama ukingoni na mzigo wangu, naita. Mzigo ni gitaa hili, na mimi mwenyewe niliyebaki. Kwetu mzigo anapokea aliyeitika. Kwake ndiko nitakakolala. Basi niambieni. Nani aliitika?"

Nabwera ndiye aliyeanza. "Niliitika mimi. Santuri zipo, zisikilizeni. Nilikuwa naingia studio alasiri, peke yangu, kiti chako kipo pale na hakuna mtu. Navaa vile vidude. Naogopa, kaka, hakuna anayejua, nilikuwa naogopa kila siku. Halafu zinakuja zile tatu, na mdomo wangu unafunguka wenyewe: ee, yee. Sauti mbili. Kila wimbo. Watu wananiita kwa hizo barabarani mpaka leo, ee, yee. Mimi mwenyewe sikujua zinatoka wapi. Huyu binti aliponieleza nilikaa chini."

"Sauti mbili, kweli," akasema Sikudhani. "Nimezisikia. Lakini ulikuwa unamwitikia mtu usiyejua kama yupo. Uliwahi kumuuliza yule mwenye studio ni nani?"

Nabwera akainamisha kichwa. "Niliuliza mara moja. Akasema wapo wengi, wanabadilika. Nikakubali."

"Ukakubali kwa kuwa hukujua, au kwa kuwa ilikufaa?"

Nabwera akawa anageuzageuza ufunguo wa gari mkononi.

"Basi sikilizeni na langu," akasema Sikudhani. "Mimi nilijua. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, redio ya jirani imewekwa dirishani. Nikasikia ukingo. Mwiko ukaniponyoka. Nikatoka uwanjani, nikageukia juu, nikaitika. Kwa sauti, watu wanasikia. Jirani akasema huyu ameanza kuchanganyikiwa. Tangu hapo kila ulipoita niliitika, Hoza. Nikiwa shambani. Nikiwa msibani, niliinuka katikati ya wanawake nikatoka nje nikaitika. Hakuna wito wako hata mmoja uliofika Kwemviko ukakosa jibu."

Hoza aliziba uso kwa mkono ule mzima. Hotelini alikuwa akitazama nyuso za watu, kumbe jibu lilikuwa linatoka upande mwingine kabisa, ng'ambo ya mpaka, nchi nyingine.

Chelagat akauliza, taratibu, kwa adabu, "Mama, kama ulijua ni yeye, mbona hukuja?"

"Nije wapi? Kwetu anayeita anaonekana, yupo ukingoni, unapanda unamshika mkono. Huyu anaita kutoka kwenye redio. Nipande wapi?" Kisha sauti yake ikashuka. "Na alisema mbele ya watu kwamba harudi bila jina. Nilimkasirikia. Nilisema, mimi nimeitika, ashuke yeye. Nikangoja ashuke. Miaka ikaliwa na hasira yangu, siwezi kuwadanganya." Akamgeukia mumewe. "Lakini na wewe, Hoza. Umeniita kutoka kwenye kitu kisicho na masikio. Ungenisikiaje?"

Jirani wa ukutani naye nadhani alikuwa ameacha kila kitu anasikiliza.

"Mimi sina sauti mbili," akasema Chelagat. "Sikujua kama kuna kuitikia. Mnisamehe, ningejua ningeitika tangu zamani. Lakini naunganisha watu siku nzima. Halo, subiri, ongea. Wanaongea wao kwa wao, mimi nimeshika waya. Na jioni narudi chumbani, hakuna anayenipigia mimi. Zile noti zilipokuja redioni sikusikia wito. Nilisikia kwamba kuna mtu. Kwamba mahali fulani kuna mtu yuko peke yake kama mimi. Nikaondoka kwenda kumtafuta. Mama alijua akakaa. Bwana huyu aliimba akaondoka. Mimi nilipanda ukingo, ingawa sikujua unaitwa ukingo."

"Ulipanda," akasema Sikudhani, bila chuki. "Hilo sikunyimi."

"Lakini hukumwitikia," akasema Nabwera. "Ulipofika ulimuuliza ni mtindo?"

Chelagat akasema, "Ndiyo. Nilimuuliza hivyo."

Hoza aliwatazama watatu wale. Mmoja aliitika bila kujua anamwitikia nani. Mmoja alijua, akaitika, asije. Mmoja alikuja, asijue kama ameitwa. Na yeye mwenyewe, moyoni alijua, alikuwa ameita miaka yote bila kushuka hatua moja. Aliogopa kuchagua. Mtu aliyekaa peke yake muda mrefu, akiletewa watu watatu siku moja, anaogopa kuwapoteza wawili kuliko anavyofurahi kumpata mmoja.

Nawaona nyie akina mama mmekwisha kuamua, mnanong'onezana. Na nyie vijana mmemchagua atakayelishika gitaa. Na yule bwana pale anayependa sifa, najua yuko upande gani. Tulieni, sijamaliza.

Hoza akalichukua gitaa akalilaza mapajani. Kwa kile kidole kimoja kilichobaki akapiga, polepole, wala si kwa kuwajaribu, alipiga kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kusema aliyokuwa nayo. Ya chini. Ya juu. Ya katikati, akaivuta mpaka ikaishia yenyewe.

Nabwera, kabla hajawaza, mdomo wake ukafunguka: ee, yee. Sikudhani, wakati uleule, akageuza uso juu kama aliye uwanjani kwake, akaitika kwa sauti ya Kwemviko iliyovuka paa za Ziwani. Na Chelagat, wakati uleule, hakusema kitu, aliinuka kwenye kigoda, akavuka chumba, akasimama mbele ya Hoza na mikono yake miwili imenyooshwa.

Wote kwa mara moja, wala hakuna aliyemtangulia mwenzake. Hoza akalinyanyua gitaa kwa mkono wake mzima. Mzigo ni mmoja, na pa kulala ni mahali pamoja tu.

Mimi nimekuwa nikiisimulia hii tangu nikiwa na meno yote, na kila ninapofika hapa watu wanagombana mpaka chai inapoa. Sina jibu la kuwapa, na ningekuwa nalo nisingewapa, maana nataka kuwasikia nyie. Basi semeni, na kila mtu aseme kwa sababu yake, si kwa kelele. Kati ya Nabwera, Sikudhani na Chelagat, ni nani aliyeitika, na Hoza alimpa nani gitaa lake?